Pembetano 12 zisizotoka: nafunika tufe kwa pembesita, kila mara zinabaki zilezile

#1 MchoraSayari
Wakuu, salaam.

Natengeneza gemu ya mkakati ambayo uwanja wake ni sayari nzima, siyo ramani bapa. Vigae vyangu ni pembesita kwa sababu kila kimoja kina majirani sita, wote umbali mmoja, hakuna ubishi wa kukata kona. Kwenye ramani bapa kila kitu kinakwenda vizuri. Nikihamia kwenye tufe ndipo kasheshe inapoanza: kila nikimaliza kufunika, kuna vigae vinabaki na pembe tano. Nikavihesabu, 12. Nikadhani vigae ni vikubwa mno, nikaongeza idadi kutoka 642 hadi 2,562. Bado 12. Nikapanda hadi 10,242. 12.

Wiki ya tatu hii natafuta hitilafu kwenye msimbo wangu na siioni. Hii namba inatoka wapi, na inaondokaje?

#2 Bapa_Tu
Naweka kambi hapa. Wataalamu wakifika mniamshe.

#3 Mbishi_Namba1
Msimbo wako una makosa, usizunguke. Punguza ukubwa wa vigae mpaka visionekane, na hizo pembetano zitapotea.

#4 MchoraSayari
#3 si nimesema nimefika 10,242? Zinapungua ukubwa, idadi haipungui.

#5 Kipeo
Msimbo wako hauna kosa. Chukua kalamu.

Tuseme una pembetano P na pembesita H, na kila kipeo kinakutanisha vigae vitatu. Ukijumlisha pembe za vigae vyote unapata 5P + 6H, lakini hapo kila kipeo umekihesabu mara tatu. Kwa hiyo vipeo ni (5P + 6H)/3. Kila ukingo umehesabiwa mara mbili, kwa hiyo kingo ni (5P + 6H)/2. Nyuso ni P + H. Mwanahisabati Euler alishatuambia tangu karne ya 18: umbo lililofungika kama tufe, vipeo ukitoa kingo ukajumlisha nyuso, jibu ni 2. Weka humo, rahisisha. H inakatika yenyewe, unabaki na P/6 = 2.

P = 12. Pembesita weka laki, weka milioni, hazimo kwenye jibu. Weka idadi yoyote unayotaka.

#6 Nusukipenyo
Yoyote isipokuwa moja. Pembetano 12 na pembesita 0 inawezekana, pembetano 12 na pembesita 2 inawezekana, ila pembetano 12 na pembesita 1 umbo hilo halipo. Jaribu kulichora uone unavyokwama.

Hata hivyo kwa kesi ya mleta mada kuna sababu ya karibu zaidi ya Euler. Angalia namba zake: 642, 2,562, 10,242. Toa 2, gawa kwa 10: 64, 256, 1,024. Huyu ameanza na umbo la nyuso 20 za pembetatu, lile lenye vipeo 12, akawa anagawa kila pembetatu kuwa nne. Vile vipeo 12 vya mwanzo ndivyo vinavyomsumbua. Kavirithi. Anza na umbo jingine.

#7 MchoraSayari
#6 umenishika. Kweli nimeanza na hilo, maktaba ya msimbo niliyopakua ndivyo inavyofanya. Kwa hiyo nikibadilisha umbo la kuanzia zinaondoka?

#8 Kipeo
Ukianza na lile la nyuso 8 utapata vigae 6 vyenye majirani wanne. Kila kimoja kimepungukiwa wawili: 6 × 2 = 12. Ukianza na la nyuso 4 utapata vigae 4 vyenye majirani watatu, kila kimoja kimepungukiwa watatu: 4 × 3 = 12. Deni ni lilelile, umebadilisha tu namna ya kulilipa.

#9 Mbishi_Namba1
Mbona vibao vya barabarani Uingereza vinavyoelekeza uwanja wa mpira vina mchoro wa mpira wa pembesita tupu? Serikali nzima imekosea?

#10 Mwamba_wa_Pembeni
Imekosea, na iliambiwa. Mwaka 2017 mwanahisabati Matt Parker alianzisha ombi la kutaka mchoro ule urekebishwe, watu zaidi ya 20,000 wakaweka saini. Serikali ikakataa. Mpira wenyewe, ule Telstar wa Kombe la Dunia la 1970, una pembesita nyeusi 12 na pembetano nyeupe 20.

#11 Bapa_Tu
Umegeuza. Nyeusi ni pembetano, 12. Nyeupe ni pembesita, 20. Nimeamka kwa ajili hiyo tu.

#12 Mwamba_wa_Pembeni
Kweli nimegeuza, asante. Na umbo hilohilo ndilo la molekuli ya kaboni 60 waliyoigundua Kroto, Curl na Smalley mwaka 1985, wakapewa Nobel ya kemia 1996. Vipeo 60, kingo 90, nyuso 32. 60 − 90 + 32 = 2. Kipeo hajadanganya.

#13 FundiKoni
Hajadanganya, ila hesabu yake haimshikishi mtu kitu mkononi. Fanya hivi.

Chukua karatasi yenye mtandao wa pembesita. Weka ncha ya mkasi katikati kabisa ya kigae kimoja, kata kabari ya nyuzi 60, itupe. Sasa vuta kingo mbili za mkato zikutane, gundisha. Kile kigae cha katikati kilikuwa na pembe sita, kimebaki na tano. Karatasi nayo haikai bapa tena, imeinuka ikawa koni. Izungushe taratibu mkononi uangalie ubavuni: mistari imeungana, kama kingo umezilinganisha vizuri huoni hata mshono ulipo. Kasoro yote imejikusanya kwenye ncha.

Mpindo wa tufe zima ukiujumlisha ni nyuzi 720, tufe liwe dogo kama tone la maji au kubwa kama sayari. Pembetano moja inalipa nyuzi 60. Gawa mwenyewe.

Ukiongeza kabari badala ya kuitoa, kigae cha katikati kinakuwa pembesaba na karatasi inajipinda kama tandiko la farasi. Hiyo inaongeza deni.

#14 Bapa_Tu
Uzi mmoja, nyuzi 720. Kazi ipo.

#15 Mbishi_Namba1
Sasa tuchague. Kipeo anasema ni kuhesabu, Nusukipenyo anasema ni urithi, FundiKoni anasema ni mpindo. Sababu ni ipi? Maana kila mmoja anajiamini.

#16 Kipeo
Yangu na ya FundiKoni ni kitu kimoja. Mwanahisabati Descartes alikuwa nayo tangu karne ya 17: kwenye umbo lililofungika, jumlisha upungufu wa pembe kwenye vipeo vyote utapata 720. Mchemraba una vipeo 8, kila kipeo kinakutanisha pembe tatu za nyuzi 90, jumla 270, upungufu kutoka 360 ni 90. 8 × 90 = 720. Njia mbili, mlango mmoja.

#17 FundiKoni
Siyo kitu kimoja, mkuu. Hesabu yako haijui hata kama tufe ni la mviringo. Funika jiwe la mtoni lenye mabonde na vichuguu, itakupa 12 ileile. Haikuambii hizo 12 zikae wapi. Mpindo unakuambia: pembetano inataka kilele, pembesaba inataka bonde lililo kama tandiko. Mtu anayejenga kitu anahitaji kujua mahali, siyo idadi peke yake.

#18 Kipeo
Aliuliza idadi.

#19 MchoraSayari
Nimerudi. Usiku nimefuata ushauri wa #6, nimeachana kabisa na umbo la nyuso 20. Nimemwaga nukta 2,562 ovyo juu ya tufe, kila nukta inazisukuma nyingine kama chaji za aina moja, nikaiacha kompyuta izitulize mpaka asubuhi. Kisha kila nukta nikaichorea mpaka wake, eneo ambalo liko karibu nayo kuliko nukta nyingine yoyote. Matokeo: pembetano 56. Pembesaba 44. Zilizobaki pembesita.

Kwa hiyo #5 na #13, 12 yenu iko wapi?

#20 Kipeo
56 − 44.

#21 MchoraSayari
Nimekaa dakika tano nzima naangalia ukuta.

#22 Mbishi_Namba1
Hapana, hapo mnacheza na namba. Mwanzo mlisema pembetano ni 12. Sasa ni 56 na bado mmeshinda?

#23 Kipeo
#5 nilisema pembetano na pembesita *tu*. Ukiruhusu pembesaba, kinachobaki thabiti ni tofauti. Kila mwenye majirani watano mpe +1, mwenye saba mpe −1, mwenye sita sifuri. Jumla kwenye tufe ni +12, hata ufanyeje.

#24 Dada_Fuwele
Habari za humu. Mleta mada, kabla hamjaendelea kurushiana namba: hizo tano na saba zako zimetawanyika, au zimepangana?

#25 MchoraSayari
Nimezipaka rangi, tano nyekundu, saba bluu. Zimepangana! Kuna vimistari 12 vifupi, kila kimoja kinakwenda tano-saba-tano-saba, kinaanza na tano na kuishia na tano. Minane ina tano 5 na saba 4. Minne ina tano 4 na saba 3. Katikati ya mstari mmoja na mwingine ni pembesita safi kabisa.

#26 Dada_Fuwele
Hayo yanaitwa makovu. Hujaharibu kitu, umerudia kwa kompyuta jambo lililoonekana maabara.

Ukiacha mambo ya gemu, hicho ulichotengeneza ni fuwele (chembe zilizojipanga kwa mpangilio unaojirudia) ya pande mbili juu ya uso uliopinda. Mwaka 2003 Bausch na wenzake walichukua vishanga vya plastiki vyenye upana wa takriban sehemu moja ya elfu ya milimita, wakaviacha vijibandike juu ya matone ya maji yaliyomo ndani ya mafuta. Vishanga vikajaa juu ya tone vikajipanga pembesita. Kwenye matone madogo walikuta zile kasoro 12, kila moja ikiwa peke yake. Kwenye matone makubwa kila moja ilikuwa imegeuka mstari wa tano na saba. Mpaka uko pale ambapo nusu kipenyo cha tone kinafika karibu mara 5 ya umbali kati ya kishanga na kishanga, yaani vishanga kama 360 hivi. Wewe una 2,562, umevuka mbali. Na kadiri tone linavyokuwa kubwa ndivyo kovu linavyorefuka. Bowick, Nelson na Travesset walikuwa wameshaipigia hesabu mwaka 2000.

Ajabu yenyewe ni hii: kwenye fuwele bapa, mstari wa namna hiyo hauishii hewani. Unaendelea mpaka ukingo wa fuwele au ukutane na mistari mingine. Kwenye tufe unaanza katikati ya fuwele na kuishia katikati ya fuwele, kama mshono ambao fundi aliuacha njiani.

#27 Mbishi_Namba1
Na kwa nini tano moja isikae peke yake? Mbona inajitafutia masaba wakati deni lake limeshalipwa?

#28 Dada_Fuwele
Kwa sababu tano moja peke yake inavuta kila mtu. Kumbuka koni ya #13. Ikandamize iwe sehemu ya tufe laini: karibu na ncha inabanwa, mbali inanyooshwa, na kadiri fuwele inavyokuwa kubwa kero hiyo inapanda. Jozi ya tano na saba haibadilishi deni, +1 na −1 ni sifuri. Kazi yake ni kuingiza safu moja ya ziada au kuikatisha. Ukipanga jozi kadhaa karibu na ile tano, mvuto unagawanyika, nishati inashuka.

#29 Mbishi_Namba1
Kwa hiyo 12 ni sheria na 44 ni hiari.

#30 Dada_Fuwele
Hiyo nitaiiba. Ila hiari ya nishati, siyo ya mtu.

#31 ShangaMoja
Mimi Euler simjui, lakini haya yamenikuta. Niliwahi kubandika shanga kwenye tufe la mbao, upana wake kama shanga 16. Nikaanza juu kabisa: shanga moja, sita kuizunguka, kisha 12, kisha 18. Raha tupu. Duara la nne lilitakiwa shanga 24, zikaingia 23, na ya mwisho niliisukuma kwa kidole gumba mpaka gundi ikachomoza pembeni. Duara la nane lilitakiwa 48. Ziliingia 40! Kufika katikati ya tufe shanga za safu moja zilikuwa hazikai tena kwenye mabonde ya safu ya juu, zinakalia migongo. Nikaanza na upande wa pili, chini kwenda juu, nikidhani pande zitakutana vizuri. Zilipokutana palikuwa na ufa unaoingia nusu shanga. Nikabandua zote.

Nilijilaumu kwamba sina mkono wa kazi hii. Kumbe.

#32 FundiKoni
#31 mkono wako uko sawa kuliko unavyodhani. Nusu kipenyo shanga 8, duara la nane liko radiani 1 kutoka juu. Sini yake ni 0.84. 48 × 0.84 = 40. Umepima mpindo wa tufe kwa gundi. Na kila mahali ulipolazimika kuacha shanga moja, pale ndipo jozi ya tano na saba ilipozaliwa.

#33 ShangaMoja
Laiti ningesoma hii kabla ya kubandua.

#34 Kirusi_T
Nachangia kutoka upande wa baiolojia. Zile namba za mleta mada, 10 mara kitu fulani kujumlisha 2, sisi tunazijua. Caspar na Klug mwaka 1962 walieleza ganda la virusi kwa njia hiyohiyo: protini 60T, yaani 60 mara T, zimekusanyika katika mafungu 10T + 2, na kati ya hayo 12 ni mafungu ya protini tano tano, mengine yote ya sita sita. T haiwi namba yoyote tu, ni h² + hk + k², ambapo h na k ni namba nzima, kwa hiyo unapata 1, 3, 4, 7 na kuendelea. Klug alipata Nobel 1982.

Sasa swali langu kwa Dada_Fuwele. Kuna virusi vikubwa vyenye mafungu mengi kuliko 360 yako, na mfumo wao ni tano 12, kila moja peke yake, hawana makovu. Nadharia yako inasemaje?

#35 Dada_Fuwele
Tone la maji lina mvutano wa uso unaolilazimisha libaki mviringo. Ganda la virusi halina anayelilazimisha. Tano ikikerwa, inachomoza nje na kuwa ncha ya koni, kero inaisha bila kuhitaji saba. Ndiyo maana virusi vidogo vinaonekana kama duara na vikubwa vina pembe na nyuso bapa. Lidmar, Mirny na Nelson walilionyesha hilo mwaka 2003.

#36 FundiKoni
Karatasi yangu ya #13 hiyo. Nasema tu.

#37 Kirusi_T
Hiyo inaeleza nusu. Vishanga vya plastiki vyote ni duara, havichagui jirani. Protini ina sura yake, ina upande wa kushika na upande wa kushikwa, na pembe ya kushikana imeshaandikwa kwenye jeni. Kirusi hakimwagi protini 60T mezani halafu kisubiri nishati ishuke, kinajenga kipande kwa kipande. Mimi naona makovu hayapo kwa sababu protini haziwezi kushikana saba saba, basi. Halafu kuna ganda la ndani la virusi vya UKIMWI, ambalo ni koni: tano ni 12 kama kawaida, ila 7 ziko upande mpana na 5 upande mwembamba. Nishati pekee ndiyo ilichagua 7 na 5?

#38 Nusukipenyo
Naongeza la tatu: mpangilio wa kujenga. Ganda likianza kujikunja haraka upande mmoja, tano zinawahi upande huo na haziwezi kurudi nyuma kurekebisha. Unachokiona mwisho ni historia ya ujenzi.

#39 Dada_Fuwele
#37 na #38 sikatai, ila basi mnieleze kwa nini hesabu ya ganda linalonyumbulika, isiyojua lolote kuhusu jeni, inatoa maumbo yaleyale.

#40 Kirusi_T
Maumbo yaleyale hayana maana sababu ileile.

#41 MzeeWaZamani
Vijana mnajisumbua. Tatizo la kupanga chaji zinazosukumana juu ya tufe, mwanafizikia J. J. Thomson alishalimaliza mwaka 1904.

#42 Kipeo
Mzee wangu shikamoo, lakini 1904 aliliibua, hakulimaliza. Mpangilio bora kabisa umethibitishwa kwa idadi chache tu. Kwa chaji 12 uthibitisho ulikuja miaka ya 1990. Kwa chaji 5 ilibidi Richard Schwartz atumie kompyuta, mwaka 2010. Tano tu! Stephen Smale mwaka 1998 alipoorodhesha matatizo makubwa ya hisabati kwa karne inayofuata, la namba 7 ni ndugu wa hili.

#43 MzeeWaZamani
Marahaba. Ila kwa chaji 8 jibu linajulikana kwa macho, ni mchemraba.

#44 Kipeo
Siyo mchemraba, Mzee. Chukua mchemraba, zungusha uso wa juu nyuzi 45. Chaji zinakaa mbalimbali zaidi, nishati inashuka.

#45 MzeeWaZamani
Nimezungusha boksi hapa. Haya, mmeshinda mara mbili kwa siku moja.

#46 MchoraSayari
Maana yake ile 56 na 44 yangu huenda siyo bora kuliko zote?

#47 Nusukipenyo
Karibu hakika siyo. Rudia na mwanzo tofauti uone.

#48 MchoraSayari
Nimerudia. 55 na 43. Makovu yamehamia kwingine. Naanza kuogopa hii 12.

#49 Povu
Mmesahau jambo moja. Tano na saba zipo hata kwenye bapa. Chukua sinia pana, maji ya sabuni, pampu ndogo ya tangi la samaki na sindano nyembamba, puliza polepole mapovu madogo yanayolingana. Yanajipanga pembesita yenyewe juu ya maji. Bragg na Nye walifanya hivyo mwaka 1947 kuonyesha jinsi metali inavyonyumbulika. Kisha bana pembeni kwa rula na uangalie kwa karibu: safu moja inakatika, jozi ya tano na saba inatokea, inateleza kwa ghafla hadi upande wa pili, inatoweka ukingoni. Sinia halina mpindo wowote. Kwa hiyo Dada_Fuwele asiseme jozi zote za mleta mada zimeletwa na tufe. Nyingine ni uvivu wa kutulia. Kompyuta yake haikuachwa ya kutosha.

#50 Dada_Fuwele
Za uvivu zingekuwa ovyo, popote. Zake zimeshikana na zile 12.

#51 Povu
Zote 44? Amezikagua moja moja?

#52 MchoraSayari
Kwenye jaribio la pili kuna jozi mbili ziko peke yake, mbali na makovu yote.

#53 Povu
Ahsante.

#54 Bapa_Tu
Suluhisho rahisi: sayari yako iwe umbo la tairi. Deni sifuri, pembesita tupu, tukalale.

#55 Kipeo
Kwa idadi uko sahihi, tairi jumla yake ni 0. Ila upande wa nje wa tairi umepinda kama tufe na upande wa ndani kama tandiko. Tairi likiwa nene, fuwele yenyewe itapendelea kuweka tano nje na saba ndani hata kama haikulazimishwa. Ukitaka pembesita bila kero yoyote chukua bomba. Bomba ni karatasi iliyoviringishwa, mpindo wake halisi ni sifuri, ndiyo maana mabomba membamba ya kaboni yana ubavu safi. Ukitaka kulifunga pande zote mbili, tano 6 kila mwisho. 12 tena.

#56 FundiKoni
Na upande wa tandiko nako kuna kisa. Mwaka 2010 Irvine, Vitelli na Chaikin walipanga chembe juu ya kimiminika kilichovutwa katikati kikawa na kiuno. Walichokiona ni mistari ya jozi inayoanza katikati na kumalizikia ukingoni, kama marinda ya sketi: nguo inapanuka bila kukatwa. Wakaita marinda kabisa. Tufe lina makovu, kiuno kina marinda.

#57 ShangaMoja
Haya ya marinda ndiyo nimeyaelewa bila kalamu.

#58 Nusukipenyo
Turudi kwa mleta mada kabla hajazeeka. Uber walipotoa mfumo wao wa kugawa dunia kwa pembesita, H3, mwaka 2018, walikutana na hilihili. Ngazi ya kwanza ina seli 122: pembesita 110 na pembetano 12, na kila ngazi ya chini bado ni 12. Hawakuziondoa. Walilizungusha lile umbo la nyuso 20 mpaka pembetano zote zikaangukia majini, ambako magari hayapiti. Fanya hivyo.

#59 MchoraSayari
#58 ubarikiwe. Nimerudi kwenye vigae 2,562 vya mwanzo, nimezungusha sayari usiku kucha. Bara langu ni kubwa kuliko nilivyodhani: 11 zimeingia baharini, moja imegoma, imekaa juu ya mlima. Nikiizamisha hiyo, nyingine inapanda ufukweni.

#60 FundiKoni
Nilisema inataka kilele.

#61 Bapa_Tu
Jenga ngome hapo. Adui anakuja kutoka pande tano badala ya sita, kila mchezaji ataigombania.

#62 MchoraSayari
#61 umelala uzi mzima, halafu unakuja na wazo kuliko wote. Naijenga sasa hivi.

#63 Mbishi_Namba1
Mimi bado naona hamjajaribu vya kutosha. Weka laki moja, zimwage ovyo, uhesabu upya. Huenda safari hii tofauti ikatoka 11.

#64 Kipeo
Ikitoka 11 kuna kigae umekisahau chini ya kiti.